Mtoto Aliye Mbali na Mwalimu

Wako watu wasemao, "Mtoto asiyeketi mbele ya mwalimu hajifunzi kitu." Maneno haya yalisikiwa sana mwaka 2020, shule za Tanzania zilipofungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, hata watoto wa shule za msingi wakarudi darasani tarehe 29 Juni. Masomo yalitolewa kwa redio na televisheni, lakini wako wazazi waliosema, "Shule imefungwa," wakampa mtoto jembe, basi.

Mimi nasema, kosa si umbali. Kosa ni la zamani zaidi: tumemzoeza mtoto kunakili. Aliyezoea kungoja ubao uandikwe, ubao ukiondolewa atafanya nini? Na karatasi ya maswali ya kunakiliwa apelekewayo nyumbani, hiyo nayo ni ubao ule ule.

Sisi watu wa Tabora hatuna udhuru. Njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita kwetu hata Ujiji, siisifu biashara yake, maana watumwa nao walipitishwa humo wamefungwa minyororo. Nasifu akili za wapagazi. Vijana wa Kinyamwezi walijifunza safarini lugha za watu, hesabu ya nguo na shanga, na mahali penye maji, wala hawakuwa na daftari. Tena hawakuachwa ovyo: kirongozi alitangulia mbele. Lakini kirongozi alionyesha njia. Hakumbebea kila mtu mzigo wake.

Mtazameni pia Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma Tabora tangu mwaka 1937 hata 1942, kisha akarudi kufundisha katika shule ya St. Mary's. Aliufasiri mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, ukachapishwa mwaka 1963. Je, ni nani aliyempa kazi ile ili apate alama?

Mtaniambia, "Mtoto akiachiwa atacheza tu." Kweli, akiachiwa. Lakini kumpa swali si kumwachia. Mwambie: Pima kivuli cha mwembe asubuhi, adhuhuri na jioni, ukichore, kisha unieleze kwa nini hubadilika. Au: Mwulize babu mrina asali, nyuki wapenda maua ya miti gani, na kwa nini mzinga hutundikwa juu, uandike kwa maneno yako mwenyewe. Kazi hizi hazihitaji redio wala umeme.

Basi, walimu wenzangu, toeni maswali ambayo jibu lake halimo kitabuni, na kazi ikiletwa isomeni. Mtoto ambaye kazi yake haisomwi hataandika tena. Nanyi wazazi, mpeni mtoto saa moja kila siku, binti sawasawa na mvulana, wala msimwite kisimani saa hiyo. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo: tukimlea kungoja, atangoja maisha yake yote.