Pikapu Yako Haihitaji Hayo Matairi

Wasee, leo nitawaudhi. Nyinyi mnaovisha pikapu matairi makubwa halafu mnapiga picha Waiyaki Way kama mmetoka Chalbi, hii ni yenu. Na ni yangu pia, kwa sababu mwaka jana nilikuwa mstari wa mbele nikiwapigia debe.

Nilitengeneza video ya sekunde 40. Pikapu imeinuliwa, matairi yamejaa meno, ngoma nzito nyuma. Hakuna kitu nimewahi kuposti kikatazamwa hivyo. Mmoja wa waliotazama ni anko wangu, mkulima wa viazi Kinangop. Alichukua doh ya mavuno akanunua matairi manne. Hakuniuliza swali hata moja. Aliniamini tu.

Sasa tupige hesabu, polepole. Pikapu yake ilikuja na tairi za 265/65 R17. Tairi hiyo ina kimo cha kama milimita 776. Yeye akaweka 285/70 R17, kama milimita 831. Hiyo ni asilimia 7 zaidi. Lakini gari haiinuki kwa tofauti yote, inainuka kwa nusu yake: sentimita 2.7. Kidole chako cha gumba ni kirefu kuliko hiyo. Ndiyo ile "clearance" mnayojigamba nayo.

Na bei ya hizo sentimita? Spidomita inadanganya: ikionyesha 100, wewe uko 107. Mjini ukidhani uko 50, ushavunja sheria. Kilomita nazo zinahesabiwa pungufu, kwa hivyo sevisi ya kila 10,000 unaifanya ukiwa umeenda 10,700. Gia zinakuwa ndefu, injini inasumbuka, mlima aliokuwa akipanda na gia ya tatu sasa anashuka hadi ya pili. Ukikata kona kali, tairi linasugua plastiki ya matgadi. Fundi atakwambia, "Tukate kidogo tu, boss." Na spea? Ile ya zamani ni ndogo, na mpya haiingii pale chini. Na breki ni zile zile, zinasimamisha gurudumu refu na zito zaidi.

Hiyo ya breki nimeiona kwa macho yangu. Mwezi wa nne tulikuwa tunateremka kwenda Naivasha, viazi vimejaa nyuma. Lori likasimama ghafla mbele yetu. Anko akakanyaga. Tulisimama karibu sana na lile lori, ningefungua dirisha ningeligusa. Hakusema neno mpaka tukafika chini. Ndipo akaniambia, "Kijana, hii gari haikuwa hivi."

Siwezi kuapa ni matairi peke yake. Kulikuwa na mzigo na mteremko. Lakini ni mteremko anaoujua miaka mingi, na mzigo ni ule ule. Kilichobadilika ni kitu nilichomuuzia mimi, bure, ili nipate likes.

Najua mtasema nini. "Mbona Waaislandi wanaweka?" Kweli, Hilux zilizoelekea kwenye ncha ya sumaku ya kaskazini na Top Gear mwaka 2007 zilikuwa na matairi ya inchi 38, na Arctic Trucks ndio walizitengeneza. Lakini hao hawaweki matairi wakaenda kupiga picha. Wanakata bodi, wanabadilisha suspensheni, wanabadilisha gia za difu ili injini ipate nguvu yake tena. Na wanaenda kwenye theluji. Wewe unaenda Quickmart.

"Na matope ya kijijini je?" Swali zuri, na jibu lake ni rahisi kuliko mnavyotaka. Kinachokutoa kwenye matope mara nyingi ni meno ya tairi, si urefu wake. Nunua tairi za A/T za saizi ile ile ya gari. Ukifika pabaya, punguza upepo kidogo ili tairi lilale na kushika, halafu ukirudi kwa lami jaza tena. Kipimo cha upepo na pampu ndogo ni bei ya chini sana ukilinganisha na matairi manne.

Kama kazi yako kweli inahitaji makubwa, fanya yote: gia, breki, spidomita isahihishwe, na kampuni ya bima iambiwe. Kama huna pesa ya hayo yote, basi huna pesa ya hayo matairi. Ni hivyo tu.

Na sisi wa kontenti, tuache ujinga. Ukionyesha tairi, onyesha pia gari ikifunga breki na mzigo nyuma. Mimi ile video yangu nimeifuta. Anko amerudisha tairi za zamani, na yale makubwa yamelala kwa stoo ya viazi, hakuna anayetaka kuyanunua kwa bei ya maana. Nusu ya hasara nitamlipa, pole pole.

Haya, sasa nitukaneni.