Aliyebweka Hana Kosa, Mwenye Kosa Ni Aliyerekodi

Tangu Jumamosi simu yangu haipumui. Kila grupu la WhatsApp nililomo, mpaka la kikoba, mpaka lile la waliomaliza fomu foo, imepita video ile ile ya sekunde 19. Mwanaume amepiga magoti kwenye mkeka, kinyago cha mbwa amekipandisha juu ya paji la uso, anacheka, anakunywa maji kwa mrija. Basi. Hiyo ndiyo video iliyowafanya muache kulala.

Mnamjua. Ni dansa, amecheza kwenye video kadhaa za Bongo Fleva ambazo mmezirukia kwenye harusi zenu. Sasa ana mwaka wa nne London. Simtaji jina, na anayelijua asije kuliandika huko chini kwenye koment, nitafuta na nitakublock.

Ukurasa mmoja wa udaku wenye wafuasi kibao ndio ulianza, ukaandika eti staa wetu kageuka mbwa Ulaya kwa sababu ya njaa. Asubuhi yake mtangazaji mmoja wa redio akabweka hewani dakika nzima, wenzake studio wanacheka mpaka wanakohoa. Mchekeshaji mmoja naye, ambaye mwezi uliopita alikuwa analia kwenye mahojiano kwamba watu mtandaoni wanamuua kwa maneno, akaenda Kariakoo akanunua mnyororo wa mbwa akatengeneza klipu. Nyie watu watatu, hii ni ya kwenu. Na wewe uliyerekodi, ya kwako iko chini, subiri.

Kwanza tuelewane mnachokicheka ni nini, maana naona wengi mnacheka msichokijua.

Ule mchezo wenyewe wanauita papi plei, yaani mtu mzima anajifanya mbwa mdogo. Anavaa kinyago chenye masikio na pua, anavaa pedi za magoti kama za wacheza voliboli, wengine na mkia, anatambaa kwenye mkeka, anakimbiza mpira, anabweka, anasukumana na wenzake. Asili yake ni jamii ya wanaume wanaopenda wanaume na wanaopenda mavazi ya ngozi, wale ambao kule San Francisco wana tamasha lao la barabarani, Folsom Street Fair, tangu mwaka 1984. Siku hizi wamo hata wanawake na watu wenye wake zao nyumbani. Mwaka 2016 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza iliwatengenezea filamu nzima, watu wakatazama wakaenda kulala, kesho yake wakaamka wakaenda kazini.

Sitawadanganya kwamba ni yoga. Mwaka 2017 watafiti wawili, Liam Wignall na Mark McCormack, walichapisha utafiti wao baada ya kuongea na wanaume 30 wanaocheza huo mchezo. Wengi walisema wazi kwamba kuna raha ya kimahaba ndani yake. Lakini walisema pia kwamba ni mapumziko ya akili, kwamba ukishavaa kile kinyago kichwa kinazima, unakuwa huna mawazo. Na watafiti wakasema hawakuona dalili yoyote kwamba hawa ni watu wanaotamani wanyama. Hilo nalisisitiza kwa sababu koment iliyopendwa kuliko zote pale kwenye ule ukurasa inasema eti jamaa "anatembea na mbwa". Kwenye kile chumba hakukuwa na mbwa hata mmoja. Kulikuwa na watu wazima na mipira ya tenisi.

Mimi nimejuaje? Nimemtafuta. Nyie mna namba za watu wanaomdai, mimi nilitafuta namba yake yeye. Tumeongea karibu saa nzima, na amesema niandike.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda. Mara ya kwanza kabisa, na ndiyo hiyo mliyoiona. Alikuwa anafuatilia picha zao mtandaoni karibu mwaka mzima, anaogopa. Mwisho akawaandikia waandaaji. Wakamjibu kwamba lazima awe na miaka 18 na kuendelea, si lazima awe na vifaa, aje hata na jinzi lake, pedi za magoti ataazimwa. Wakamtumia na masharti, ukurasa mzima. Aliniambia, "Dada, hata mkataba wa nyumba ninayokaa ni mfupi kuliko ule."

Ilikuwa Jumapili mchana, ghorofani kwenye baa moja, si usiku wa manane kama mlivyotunga. Mlangoni kila mtu anabandikwa stika kwenye kamera ya simu. Ukiwa mgeni unavalishwa utepe mkononi ili watu wakujue wasikukurupushe. Kuna upande wa viti na soda, na kuna upande wa mikeka, ambao wao wanauita moshi. Usichanganye na Moshi ya Kilimanjaro. Hukanyagi pale na viatu. Humgusi mtu kabla hujamuuliza. Mtu akinguruma au akitikisa kichwa, unaondoka zako. Akivua kinyago, hapo hapo anaongeleshwa kama mtu, mchezo wake umekwisha, na hakuna anayemuuliza kwa nini.

Alikaa kwenye kiti dakika 40 na soda yake, anatetemeka. Akaja baba mmoja wa makamo akamuuliza kama anaweza kumkuna kichwa. Akasema hapana. Yule baba akasema sawa, karibu sana, akaenda zake. Anasema hiyo "sawa" ndiyo iliyomfanya aazime kinyago ashuke kwenye mkeka.

Sasa hapa nataka tukae kidogo.

Mimi ni msichana wa Dar. Nimeenda vigodoro tangu niko shule. Mara ngapi nimeshikwa makalio na mtu nisiyemjua, nikigeuka wote wamekausha? Mara ngapi binti kalewa kidogo, kanyanyuliwa gauni, simu 20 zimewashwa tochi, asubuhi "konekisheni" iko mtaani inauzwa kwa bando? Na nikisema hapana naambiwa najisikia. Huyo mtangazaji aliyebweka redioni, dada mmoja aliyefanya naye kazi alishaeleza jinsi alivyokuwa akimshika kiuno bila ruhusa kila wakipiga picha, mkasema dada anatafuta kiki. Halafu leo mnanionyesha chumba ambacho mwanaume mzima anaomba ruhusa ya kugusa nywele, anakataliwa, anasema sawa, eti hao ndio wanyama.

Kuna hoja nyingine naiona inazunguka: si utamaduni wetu mtu mzima kujifanya mnyama. Kweli? Wamakonde wana mapiko, mtu anavaa kinyago cha mti kichwa kizima, anacheza, na ukiambiwa huyo si mtu unakubali. Sisemi mapiko ni sawa na papi plei, wazee wa Mtwara msije kunitafuta, ile ni mila na ina mambo ya jando ndani yake. Nasema kuvaa sura nyingine ukaacha kuwa wewe kwa muda, hatukufundishwa na mzungu. Na kama mila ni mbali, njoo karibu. Nendeni Simba Day uwanja wa Mkapa. Baba wa watoto wanne amevaa manyoya ya simba mwili mzima kwenye joto la Agosti, ananguruma kwenye kamera. Upande wa pili wa mji tunaitwa vyura na tumezoea (ndiyo, mimi Yanga, endeleeni). Hakuna aliyewahi kumpigia mama yake simu kumwambia mwanao amegeuka mnyama.

Ila ipo hoja moja ambayo siwezi kuikimbia, na walioitoa wengine ni watu ninaowaheshimu. Wanasema Mwafrika, mweusi, Ulaya, shingoni kola ya mbwa, mzungu ameshika kamba. Baada ya yote yaliyotokea kwenye historia? Hiyo ilinigusa, na nikamuuliza hivyo hivyo bila kupaka mafuta.

Alinyamaza kwanza. Kisha akasema aliwaza hilo kabla hata hajatoka nyumbani. Kola walimpa, akaiweka mezani, hakuivaa, na hakuna aliyemsukuma. Kwenye mchezo wao yupo anayecheza kama mwenye mbwa, lakini si lazima umwe naye, wengi pale walikuwa mbwa wasio na bwana. Waliokuwa kwenye mkeka, anasema, wengi ni wazungu na wote wanatambaa. Halafu akaniambia kuhusu kazini kwake. Anapakia mizigo ghalani zamu ya usiku, mkononi amefungwa kifaa kinachohesabu sekunde, ukienda chooni kinahesabu, ukisimama kinalia. "Pale ndipo nina kamba, dada. Jumapili nilikuwa nimeivua."

Sasa unaweza ukamwelewa au usimwelewe. Mimi bado kola ile inanikaa vibaya, nasema ukweli. Lakini hayo ni maongezi ya kukaa watu wazima wakabishana, siyo ya yule mchekeshaji wa Kariakoo na mnyororo wake. Yeye hakuwa anaumia kwa ajili ya historia ya mtu mweusi, alikuwa anahesabu watazamaji.

Na msijifanye hamjui mnachokifanya. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kule kwenye wanachokiita makosa kinyume cha maumbile, kinaanzia miaka 30 jela kwenda maisha. Sekunde 19 za mtu anakunywa maji haziwezi kuwa ushahidi wa kosa lile, lakini nani mtaani anasoma vifungu? Mwaka 2018 hapa hapa Dar kiongozi mmoja wa mkoa alitangaza kikosi cha kuwasaka watu na akaomba wananchi wampelekee majina. Wizara ya Mambo ya Nje ilibidi itoke iseme yale ni mawazo yake binafsi. Wenye akili tunakumbuka wiki zile watu walivyolala kwa marafiki, walivyofuta akaunti. Ukiweka sura ya mtu kwenye ukurasa wenye wafuasi wengi namna hiyo na maneno yale juu yake, unakuwa umepeleka jina.

Mdogo wake hapa mjini ameacha kwenda gereji anakojifunza ufundi, wanambwekea akipita. Bimkubwa wao hajatoka nje tangu Jumapili, na huyo mama ni mtu wa kutoka saa 10 alfajiri kwenda kufuata samaki Feri. Dansa mwenyewe alikuwa anakuja mwezi ujao, dada yao anaolewa, tiketi ameshalipa na hairudishwi. Haji. Kamwambia mama yake kwamba kazini wamemnyima likizo. Mama amejifanya ameamini.

Wale mnaosema "yeye ni staa, staa hana siri", acheni hizo. Wapo mastaa wanaovujisha video zao wenyewe wiki ya kutoa wimbo, tunawajua, na mnawapigia makofi. Huyu hakuposti kitu. Hakuwa na wimbo. Alikwenda mahali palipofungwa mlango, penye masharti, na kila aliyeingia aliyasoma akayakubali.

Na hapo ndipo nakuja kwako wewe uliyerekodi. Sikilizeni ile video kwa sauti ya juu, sekunde ya 11 hivi. Kuna mtu anasema "Oneni mwanetu huyu." Kiswahili safi, cha Pwani. Hukuwa mzungu. Uliingia kama mgeni kama yeye, ukavalishwa utepe kama yeye, ukakaribishwa soda. Ukabandua stika. Kinyago alikuwa amekipandisha ili anywe maji, na ndiyo maana sura inaonekana. Pale penye watu kibao ukamchagua pekee ambaye ungeweza kumuuza nyumbani, kwa sababu wale wengine huku hawana soko. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuna ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na huko uliko wana zao. Lakini sheria niziache, mimi nataka kujua uliulizwa mlangoni ukajibu nini. Na wewe ulikwenda kufanya nini?

Nilimuuliza dansa kama atarudi tena. Anasema hajui. Waandaaji walimpigia siku ile ile iliyotoka, wakamwomba radhi, na aliyerekodi amepigwa marufuku kukanyaga. Wakamwambia akitaka wakae tu wanywe chai bila mkeka, waje hata watatu. Kinyago alikuwa ameazima, amekirudisha.

Mpaka naandika hapa, saa 4 usiku, video bado ipo. Nimeiripoti mara 3. Ukikutana nayo bonyeza vile vidoti vitatu, chagua ripoti, kisha faragha. Ikiletwa kwenye grupu, usiifowadi hata kwa kusema "jamani muoneni anavyoonewa". Ni ile ile. Na wenye huo ukurasa, najua mnanisoma, mmeshawahi kuniibia habari 2 bila hata kunitaja. Hii ibeni.