"Atakufa Tu" Si Hoja

Makala iliyotetea uvuvi wa dome kwenye mazalio yake imesimama juu ya jambo moja la kweli: dome huzaa msimu mmoja, kisha hufa. Basi, anasema mwandishi, kumvua hapo si hasara. Ni hasara kubwa! Swali ni kama amevuliwa kabla ya kutaga au baada.

Tuangalie Point Lowly, karibu na Whyalla, kusini mwa Australia. Kuanzia Mei hadi Agosti dome wakubwa hufurika kwenye miamba ya maji mafupi. Madume ni wengi kuliko majike. Wenye miili mikubwa huwalinda majike. Wadogo hukunja minyiri, hubadili rangi wafanane na jike, wakapenya mbele ya macho ya mlinzi. Jike hubandika mayai meupe, moja moja, chini ya jiwe. Hayaatamii kama pweza. Yakianguliwa miezi kadhaa baadaye, wazazi wameshakufa.

Kwa hiyo hakuna akiba ya wakubwa baharini ya kuziba pengo. Mwaka 1997 zilivuliwa hapo takriban tani 250, na mwaka uliofuata uvuvi ukazuiwa. Hata baada ya hapo idadi iliyumba: takriban 13,500 mwaka 2013, zaidi ya 200,000 mwaka 2020. Kiumbe anayeyumba hivyo bila nyavu hana ziada ya kugawa akiwa anataga.

Avuliwe kwingine, na kwa kiasi. Mazalio yafungwe msimu mzima.