Boksi Halina Nishani

Ndugu zetu wa Kilburn, tuache kusifiana kwa kubeba boksi zamu mbili. Usingizi umetukimbia, kichwa hakiachi kuuma, watoto tunawafokea kwa jambo dogo, halafu tunasema "ndiyo Ulaya". Hapana! Huo ni msongo wa mawazo, na mwili unadai deni lake. Kanuni za kazi za Uingereza za mwaka 1998 zinampa mfanyakazi saa 11 za kupumzika kila siku. Sisi tunaziuza kwa mwajiri wa pili, kisha twajiita mashujaa. Nyumbani waambiwe kweli: mwezi huu hakuna. Aliyeelemewa amwone daktari, au ajiandikishe mwenyewe kwenye tiba ya mazungumzo ya NHS, ni bure. Maiti hatumi pesa.