Barua ya wazi kwa Mtakwimu Mkuu wa Serikali: Asilimia tatu hii inampima nani?



Naandika kwa heshima ya ofisi uliyokabidhiwa, na kwa hasira ambayo sioni sababu ya kuificha. Mwajiri wetu amefunga mjadala wa nyongeza ya mshahara kwa sentensi moja: Ofisi ya Taifa ya Takwimu imesema mfumuko wa bei ni asilimia tatu na pointi kidogo, basi nyongeza ya asilimia tatu inatosha. Mwajiri huyo sitamtaja, maana hoja hiyo si yake peke yake na barua hii haikuandikwa kwake. Imeandikwa kwako, kwa sababu takwimu iliyotumika kutukata mshahara imetoka mezani kwako, ikiwa na uzito wa Serikali, wala haikuambatana na onyo kwamba haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Nasema kukata, na nimelichagua neno hilo. Mshahara unaopanda polepole kuliko gharama za maisha za anayeupokea umepunguzwa, hata kama karatasi ya malipo inaonyesha umeongezeka.

Tuanze na mizania, yaani uzito wa kila kundi la bidhaa katika kapu la kupimia bei, ambayo wewe unaijua kuliko mimi lakini wanaoitumia takwimu yako hawaijui. Katika fahirisi ya bei yenye kizio (kipindi cha kulinganishia) cha Septemba 2010, vyakula na vinywaji baridi vilibeba asilimia 47.8 ya kapu zima. Kizio kilipohamia Desemba 2015, vikashuka hadi 38.5. Katika fahirisi mliyoanza kuitumia Januari 2022, yenye kizio cha mwaka 2020, vimebaki 28.2. Sidai kwamba kuna aliyepika hesabu. Mizania inatokana na utafiti wa mapato na matumizi ya kaya, na maisha ya Watanzania yamebadilika kweli: simu na vifurushi vimeingia kwenye matumizi ya kila nyumba, na sahani ya wali ya mama lishe inahesabiwa kwenye kundi la migahawa, si kwenye kundi la chakula. Hayo nayakubali. Ila mizania ya fahirisi ya namna hii hujengwa kwa kujumlisha matumizi ya kaya zote, kisha kutazama kila kundi la bidhaa limechukua sehemu gani ya jumla hiyo. Maana yake ni kwamba kila shilingi ina kura, si kila mtu. Kaya inayotumia milioni tatu kwa mwezi ina kura kumi dhidi ya kaya inayotumia laki tatu. Asilimia 28.2 ni sehemu ya chakula katika fedha zote zinazotumika, na mlinzi wa usiku, mhudumu wa hoteli au karani wa ghala hatumii fedha zake katika mgawanyo huo. Kwake chakula ndicho kinachotangulia, na vingine vyote vinagombea kinachobaki.

Tazama jambo hili lilivyofanya kazi Januari 2023. Mchele, mahindi na maharage vilikuwa vimepanda sana baada ya msimu mbaya wa mvua, na vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha mafuta na mbolea. Mfumuko wa bei wa vyakula na vinywaji baridi ulikuwa karibu asilimia 9.9. Mfumuko wa jumla mliotangaza ni 4.9, yaani ndani ya lengo la asilimia 3 hadi 5, na nchi ikaambiwa iko salama. Kwa hesabu ya haraka, ili jumla iwe 4.9 wakati chakula kikiwa 9.9 kwa mizania ya 28.2, vitu vingine vyote kwa pamoja vilikuwa vimepanda kwa takriban asilimia 2.9. Sasa chukua kaya ambayo asilimia 60 ya matumizi yake ni chakula, upige hesabu ileile kwa bei zenu zilezile. Jibu ni asilimia 7 na ushei. Hata mizania yenu wenyewe ya Desemba 2015 ingetoa kama 5.6, nje ya lengo. Ni hesabu ya makadirio, na ofisi yako inaweza kuifanya kwa usahihi zaidi ndani ya saa moja. Lakini mwajiri aliyesoma 4.9 mwezi ule akatoa nyongeza ya asilimia 5 alijiona muungwana, kumbe kwa kaya ile alikuwa amekata mshahara.

Nauli inasimulia habari hiyohiyo. Kabla ya Mei 2022, daladala ya safari fupi Dar es Salaam ilikuwa shilingi 400. Mei 2022 ikawa 500, na Desemba 2023 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ikaipandisha hadi 600. Hilo ni ongezeko la nusu nzima katika muda usiofika miaka miwili, na mwezi ule wa Desemba mfumuko wa jumla ulitangazwa kuwa asilimia 3.0. Hakuna mgongano wa kihesabu hapo. Kundi la usafiri limebeba 14.1 ya kapu, na ndani yake nauli ya daladala inakaa pamoja na magari binafsi na mafuta yake. Mtu anayepanda mabasi mawili kwenda kazini na mawili kurudi hana gari la kumpunguzia wastani. Kodi ya nyumba inayodaiwa miezi sita kwa mkupuo, mkaa, gesi na mafuta ya kula yanayonunuliwa kwa kupimiwa dukani ni habari ndefu nyingine, na leo siifungui.

Halafu kuna hili la mfumuko "kushuka". Ulifika 4.9 mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023, ukateremka, na tangu Julai 2023 hadi Septemba 2025 umezunguka kati ya 3.0 na 3.4. Sehemu kubwa ya kuteremka huko ilitokana na kulinganisha bei za mwezi husika na bei za mwaka uliotangulia, ambazo tayari zilikuwa juu. Bei ikipanda kwa kishindo mwaka huu na ikabaki hukohuko juu mwakani, mfumuko wa mwakani ni sifuri, na mnunuzi bado analipa ileile iliyomuumiza. Wewe unalijua hilo, lakini kwenye vikao vya mishahara halijulikani, au linajulikana na linanyamaziwa. Chukua takwimu zenu za Desemba tatu mfululizo: 4.8 mwaka 2022, 3.0 mwaka 2023, 3.1 mwaka 2024. Zikilimbikizwa mwaka juu ya mwaka zinatoa ongezeko la zaidi ya asilimia 11 tangu Desemba 2021. Aliyepewa asilimia tatu kila mwaka amepata tisa na kidogo. Hata kwa kipimo chenu kisichomfaa, amekatwa mshahara.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza ni kwamba kila nchi ina takwimu moja ya jumla, na Benki Kuu haiwezi kupanga riba kwa kufuata fahirisi kumi. Ni kweli, na Benki Kuu iendelee kuitumia. Mimi nalalamikia kuiachia takwimu hiyo itoke peke yake. Kenya kwa miaka mingi imetengeneza fahirisi za Nairobi kwa makundi ya kipato cha chini, cha kati na cha juu, na taarifa yake ya kila mwezi huorodhesha bei za wastani za bidhaa kama unga na sukuma wiki, kwa shilingi, ili msomaji azilinganishe na za soko lake. Rwanda hutoa fahirisi ya mijini, ya vijijini na ya jumla. Hizo si nchi zenye utajiri wa kutushinda kwa mbali.

La pili ni kwamba Watanzania wengi wanalima, hivyo bei ya chakula haiwaumizi wote. Lakini mkulima mwenyewe mara nyingi huuza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, akanunua miezi ya njaa, bei ikiwa juu. Na anayekatwa mshahara kwa takwimu yako ni mwajiriwa wa mjini asiye na shamba wala ghala. Jibu hili linamtetea mtu mwingine kabisa.

La tatu ndilo zito: kwamba mishahara ikifuata bei, bei nazo zitafuata mishahara, na mwisho wake kila mtu ataumia. Ningeliogopa kama kilichopandisha bei 2022 na 2023 kingekuwa mishahara. Hakikuwa hicho. Mvua zilishindwa mashambani, mafuta yalipanda kwenye soko la dunia hadi petroli ikafika shilingi 3,410 kwa lita Dar es Salaam Agosti 2022, na Serikali ikalazimika kutoa ruzuku. Mfanyakazi hakuwasha moto huo. Kumtaka aulipie peke yake, kwa jina la utulivu wa bei, ni uamuzi wa kisiasa, na mwenye kuufanya ausimamie kwa jina lake bila kujificha nyuma ya jedwali la ofisi yako.

Labda utasema kwamba ofisi yako inatoa takwimu tu, na matumizi mabaya ni ya wanaozitumia. Siwezi kulikubali, na sababu iko kwenye historia ya sheria yenu. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikafanya kuchapisha takwimu za kukanusha zile rasmi kuwa jambo la kumpeleka mtu mahakamani. Mwaka 2019 kifungu hicho kililegezwa, baada ya malalamiko ya ndani na nje. Lakini woga haufutwi kwa marekebisho ya sheria. Vyama vya wafanyakazi vinaingia kwenye majadiliano bila fahirisi yao wenyewe, vyuo vikuu vinatosheka kunukuu yenu, na magazeti yanachapisha taarifa ya mwezi kama ilivyoletwa. Taasisi ambayo sauti yake ndiyo pekee inayosikika kuhusu bei haiwezi kusema haihusiki na namna sauti hiyo inavyosikika. Taifa limezoeshwa kuamini kwamba wastani ni hali ya kila mtu, na anayelalamika sokoni huambiwa na wenye mamlaka kwamba takwimu hazimuungi mkono.

Ninachoomba ni hiki. Taarifa ya kila mwezi iwe na mfumuko wa bei wa kaya za kipato cha chini, cha kati na cha juu, ukurasa uleule wa mbele na kwa herufi za ukubwa uleule na wa jumla. Iwe na bei halisi za vyakula vikuu, nauli na nishati kwa kila mkoa, kwa shilingi. Ieleze ongezeko tangu miaka mitatu nyuma, si mwaka mmoja tu. Na iseme kwa Kiswahili chepesi, mwezi baada ya mwezi, kwamba takwimu ya jumla si kipimo cha gharama za maisha za mfanyakazi wa kipato cha chini, na isitumike peke yake kupangia nyongeza ya mshahara. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji utafiti mpya. Matumizi ya kila kaya iliyohojiwa yamo kwenye utafiti wenu wa 2017/18, na bei mnazikusanya kila mwezi katika mikoa yote 26 ya Tanzania Bara.