Basi Liondoke kwa Saa

Katika stendi ya Kyela, kabla jua halijatokeza juu ya milima ya Livingstone, wasafiri wa Mbeya huwa wamekwisha kufika. Yuko mgonjwa aendaye Hospitali ya Rufaa, yuko mwanafunzi arudiye chuoni, yuko mchuuzi na magunia yake ya mchele. Basi dogo lipo, dereva yupo, na nauli imekwisha kulipwa. Lakini safari haianzi. Yangojwa viti vijae. Wakati huohuo mtumishi mmoja hupita barabarani peke yake katika gari lake, viti vinne vikiwa vitupu, akielekea hukohuko Mbeya.

Ni desturi kumhimiza mtu kama huyo aache gari nyumbani na kupanda basi pamoja na wenzake. Wito huo ni wa haki, na sayansi inauunga mkono. Hata hivyo, wito peke yake hautamtoa garini, maana hakulikimbia basi, amekimbia kungoja.

Itazamwe kwanza hesabu ya mafuta. Uwanda wa Kyela uko kiasi cha meta 500 juu ya usawa wa bahari. Barabara iendayo Mbeya hupanda kupitia Tukuyu na Kiwira, kisha huvuka mgongo wa milima ya Poroto kwenye kimo kipitacho meta 2,000, ndipo ishuke Uyole. Kwa hiyo kila chombo kitokacho Kyela hakina budi kujiinua meta 1,500 au zaidi. Gari dogo la kilogramu 1,200, lenye mtu mmoja wa kilogramu 70, huhitaji jouli milioni 19 kwa kuinuka tu. Basi dogo la kilogramu 3,500 lenye abiria 28 huhitaji jouli milioni 82. Zikigawanywa, fungu la kila abiria ni jouli milioni 2.9. Lita moja ya petroli ina jouli milioni 32 hivi, na injini hugeuza kama robo yake tu kuwa kazi, nyingine ikapotea kwa joto. Basi mwenye gari huteketeza lita zaidi ya mbili kwa kuupanda mlima, bila kuhesabu msuguano wala ukinzani wa hewa, hali abiria wa basi huteketeza kiasi cha theluthi moja ya lita.

Haki itendeke hapa. Gari hilohilo likichukua watu wanne, fungu la kila mmoja hushuka hadi jouli milioni 5.6, na lawama yake hupungua sana. Kinachostahili kulaumiwa ni kiti kitupu.

Mafuta hayo yote huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni. Bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973, nchi nyingi maskini zilitikisika, na katika miaka iliyofuata Serikali ya Tanzania ilifikia hatua ya kuzuia magari ya watu binafsi kutembea Jumapili mchana. Marufuku ya namna hiyo huokoa mafuta; haiongezi basi hata moja barabarani.

Sasa itazamwe hesabu ya pili, ambayo wahimizaji aghalabu huisahau. Basi lina viti 28, na abiria mmoja huwasili stendi kila baada ya dakika 3. Likingoja lijae, wa kwanza hungoja dakika 81 na wa mwisho hangoji kabisa. Kwa wastani kila mtu hungoja dakika 40 na nusu. Wote pamoja wamepoteza karibu saa 19, na gurudumu halijazunguka. Abiria mmoja katika kila wanne akinunua gari au akichukua pikipiki, waliobaki watawasili kila baada ya dakika 4. Wastani wa kungoja utapanda kufikia dakika 54, na uchovu huo utamsukuma mwingine naye aondoke. Aachaye basi huwarefushia wenzake safari bila kujua.

Mwanauchumi wa Kimarekani Herbert Mohring aliueleza upande wa pili wa jambo hili mwaka 1972: abiria wakiongezeka, mabasi huweza kupita mara nyingi zaidi, na kila mtu, hata yule wa zamani, hungoja muda mfupi zaidi. Ajabu ya usafiri wa umma ni kwamba mgeni hamnyang'anyi mwenyeji chochote, maadamu kiti kipo.

Dawa basi ni ipi? Ni basi kuondoka kwa saa iliyoandikwa, hata kama halijajaa. Mwenye basi atasema kwamba viti vitupu vitamfilisi. Hoja yake si ya kudharauliwa, lakini ipimwe. Likiondoka kila baada ya saa moja, kwa kiwango kilekile cha abiria, litatoka Kyela na watu 20. Fungu la kila mmoja litakuwa jouli milioni 3.7, ambalo bado ni moja ya tano ya fungu la mwenye gari aendaye peke yake. Viti 8 vilivyobaki vitapata watu Ushirika, Tukuyu na Kiwira, ambako leo abiria hukuta basi limejaa pomoni akasimama kwa kujipinda. Tena msafiri ajuaye saa ya kuondoka hafiki alfajiri kuja kusinzia juu ya gunia. Hufika dakika 10 kabla. Tambarare ya Kyela inaifaa mno baiskeli, na wengi wangeweza kufika stendi kwa miguu yao wenyewe.

Kwenye ziwa jambo hili si geni. Tangu enzi za MV Songea na MV Iringa hadi MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021 ikiwa na nafasi ya abiria 200, meli haikai bandarini Kyela kungoja kiti cha mwisho kijae. Hutangaziwa siku yake, na watu wa Lupingu, Manda na Liuli hupanga shughuli zao kwa siku hiyo. Pepo za kusini-mashariki, zivumazo kwa nguvu tangu Mei hadi Agosti, huweza kuichelewesha; hilo ni la maumbile na watu hulivumilia. Kuchelewa stendini ni kazi ya binadamu.

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoundwa mwaka 2019, ndiyo itoayo leseni za mabasi. Yafaa ianze na magari matatu ya kwanza ya asubuhi, kwa zamu kati ya wenye mabasi, ili hasara ya kiti kitupu isimwelemee mmoja. Takwimu za kuanzia zaweza kupatikana kwa daftari na saa ya mkononi. Wanafunzi wa kidato cha tatu wakae stendi Jumamosi moja, waandike dakika ambayo kila abiria aliwasili na dakika ambayo basi liliondoka, kisha wachore grafu na kuipeleka kwa wenye mabasi.