Barua kwa Iringa na Mbeya: mwacheni mgonjwa achague wimbo

 

Huku Uingereza nafanya kazi kwenye chumba cha upasuaji. Si daktari, mimi ndiye ninayesukuma kitanda, kumfunika mgonjwa shuka na kukaa naye akisubiri zamu yake. Kabla hajachomwa sindano huwa namuuliza: tukuwekee muziki gani? Wapo wanaotaka rege, wapo wanaotaka kaswida, na mzee mmoja aliomba atangaziwe kriketi. Natamani swali hilo liulizwe na kwetu.

Kinachonisukuma kuwaandikia ninyi, ndugu zangu wa Iringa na wajomba zangu wa Mbeya, ni tohara. Katikati ya mwaka 2010, kampeni mkoani Iringa, wakati huo Njombe ikiwa bado ndani yake, iliwatahiri wanaume na vijana 10,352 kwa wiki sita. Mkoa wetu ulikuwa ukiongoza kitaifa kwa maambukizi ya VVU, na tafiti za Afrika Kusini, Kenya na Uganda zilikuwa zimeonyesha kwamba tohara humpunguzia mwanaume hatari ya kuambukizwa kwa takriban asilimia 60. Watu walipanga foleni, tena msimu wa baridi, maana kwetu huaminika kidonda hupona upesi kwenye baridi.

Nilikuwa kwenye foleni hiyo. Ganzi ilishika barabara, kisu sikukisikia. Nilichosikia ni mkasi. Nilisikia kibano kikitupwa kwenye sahani ya chuma, nikamsikia kijana wa kitanda cha pili akiuliza "bado?" kwa mara ya tatu, na kila akiuliza mapaja yangu yalikuwa yanakaza yenyewe. Muuguzi alinikemea nilegee. Ningelegea vipi?

Wayao, Wamakonde na Wakurya wana nyimbo za kumpeleka kijana kwenye kisu. Wahehe na Wanyakyusa hatukuwa na jando la namna hiyo, kwa hiyo tohara tuliipokea moja kwa moja kutoka hospitali: glavu, ganzi, ushauri nasaha, dawa. Nyimbo hazikuja. Silipambi jando, ganzi hakuna, na ngoma nyingine zilipigwa ili kilio kisisikike. Lakini wazee wa jando walijua kwamba masikio nayo yanahitaji kazi ya kufanya.

Sayansi iko upande wao. Daktari Mmarekani Evan Kane aliandika tangu 1914 kuhusu kupiga gramafoni kwenye chumba chake cha upasuaji. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha mapitio ya majaribio zaidi ya 70 yenye wagonjwa karibu 7,000: waliosikilizishwa muziki walikuwa na hofu na maumivu pungufu baada ya operesheni kuliko wasiosikilizishwa, na walihitaji dawa chache zaidi za maumivu. Huko Pennsylvania, mwaka 2019, wagonjwa 157 waliokuwa wakisubiri ganzi ya neva waligawanywa, nusu muziki, nusu dawa ya kutuliza iitwayo midazolamu. Hofu ilipungua karibu sawa. Ila wa muziki hawakuridhika kama wenzao: wimbo walichaguliwa, na vifaa vya masikioni viliwazuia kusikilizana na daktari.

Hapo ndipo pa kujifunzia. Mgonjwa achague mwenyewe. Muuguzi mlokole asimlazimishe Mwislamu asikilize kwaya, wala kijana asimwekee bibi singeli. Sikio moja tu lizibwe, lingine libaki la kuitikia. Redio muiache kabisa, maana matangazo ya vifo hayabishi hodi. Na mtu akikuambia muziki utatosha badala ya ganzi, shuka kitandani. Muziki ni nyongeza.

Zaidi ya wavulana nawafikiria akina mama wanaojifungua kwa operesheni. Wengi huchomwa sindano ya mgongo, wako macho, tumbo limefunguliwa, na masikio yanafanya kazi kama kawaida. Mama anasikia mashine ikinyonya damu. Anasikia wahudumu wakibishana habari za posho. Simu yake mwenyewe na waya wa masikioni wa shilingi elfu chache vingemsaidia.

Kwa hiyo ukipangiwa operesheni ya ganzi, iwe hospitali ya Tosamaganga, ya Meta au zahanati ya kijijini, uliza mapema kama unaruhusiwa kuingia na simu, uisafishe, na nyimbo uwe umeshazipanga. Nanyi wauguzi wa nyumbani, mgonjwa wa kwanza kesho asubuhi muulizeni wimbo aupendao kabla hamjamwonyesha sindano.